Pipa Lililofunuliwa Mapema

Jumapili, tarehe 14 Julai. Baridi, ukungu tangu asubuhi, na mimi nanuka moshi hadi kwenye nywele. Leo nitaandika yote, hata ile sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Jumatano mwalimu wetu wa sayansi atachagua mradi mmoja wa kupelekwa kwenye maonyesho Thika. Wangu ni makaa ya kutengeneza nyumbani. Natakiwa kumwonyesha ndoo moja ya makaa.

Nina ndoo moja ya jivu.

Tanuri langu ni pipa kuukuu lililotobolewa chini, nikaliweka juu ya mawe nyuma ya nyumba yetu hapa Mwiki. Jana asubuhi nililijaza matawi makavu ya mparachichi, nikawasha. Moshi mweupe ukaenda moja kwa moja kwenye nguo za Mama Kevo, jirani yetu, kana kwamba ameualika.

"Wee msichana, hizi shuka ni za kulalia ama nikaushie samaki?"

Nikaomba msamaha. Nikamfulia shuka nne upya, kwa maji ya Julai.

Kabla ya kufua, moshi ulikuwa umegeuka mwembamba, wa samawati. Nilifunika pipa na kuziba kila upenyo kwa udongo, jinsi tulivyofundishwa. Halikupaswa kuguswa hadi leo. Hewa ikiingia kabla halijapoa, makaa yote huungua.

Tulipotoka kanisani nikafunua. Jivu! Siku nzima ya kukohoa, jivu!

Cucu, nyanya yangu tunayeishi naye, akasema jana jioni aliinua mfuniko kidogo tu.

"Haiya, si nilikuwa naangalia kama yameiva? Hata sufuria ya githeri mtu hufunua."

"Cucu, hii si githeri!"

Nilimpigia kelele. Nyanya yangu. Na nguo za kanisani bado mwilini.

Sasa ile sehemu.

Mimi nilifunua kabla yake. Nilipomaliza kufua shuka, nilishindwa kuvumilia. Nikachungulia, nikaona wekundu, nikafunika haraka. Udongo sikuurudisha sawasawa. Pipa lilikuwa likivuta hewa saa nyingi kabla Cucu hajalikaribia, na mimi nilijua hivyo nikimkaripia.

Jioni hii nilimwambia, jikoni, nikiangalia sufuria badala ya uso wake. Akacheka hadi akashika ukuta.

"Kumbe tuko wawili!" akasema. "Chukua kuni zangu ujaribu tena. Mimi nitapikia stovu. Lakini tukubaliane, mama: mimi na wewe, hakuna wa kukaribia hilo pipa."

Ni kuni alizookota mwenyewe juma zima, na mgongo wake unamuuma.

Kesho nikitoka shule nawasha. Sina kuni nyingine baada ya hizo. Kwa hivyo wewe unayesoma hapa mtandaoni, kama umewahi kuchoma makaa, nijibu kabla ya kesho jioni: unawezaje kukaa karibu na pipa lililozibwa, siku nzima, bila kufunua?