Pampu Niliyoosha Mtoni

Kemunto mtoto wangu,

Hii barua anaandika karani wa kanisa, maana mimi kalamu naijua kwa macho tu. Simu yangu hushiki, kwa hivyo wacha hata watu wengine wasome.

Nakumbuka venye ulikuja kutoka pwani mara ya kwanza, nywele zimekuwa nyekundu kwa chumvi. Mimi natoka kuchuma majani chai, nikakuuliza, "Kazi gani hiyo umepata?"

"Nahesabu samaki, mama."

"Za kuuza?"

"Hapana. Napiga mbizi kwa matumbawe, nawahesabu, nawaacha hapo."

Nilicheka mpaka nikaweka kikapu chini. "Shule yote hiyo, na hata mkia hujaniletea!"

Ukanieleza pole pole. Ati wale samaki wanaokula wadudu wa miiba wa baharini wakiisha, unajua watu wamevua kupita kiasi. Majani ya bahari yakifunika matumbawe, unajua uchafu unashuka kutoka nchi kavu. Ukasema watu wanaweza kukudanganya, samaki hawawezi.

Lakini roho yangu haikutulia. Unajua sisi kitu hai hatuhesabu, kisije kikafa. Hata kuku, mtu akiniuliza ni ngapi, namwambia ziko.

Halafu ukapoteza ile mimba, ukaja Manga kupumzika kwangu. Nilifurahi kukupikia, haki. Mboga ya chinsaga niliilaza na maziwa siku mbili ndio uchungu uishe, venye unapenda. Siku ya tatu ukashuka mtoni, ukarudi umekunja uso.

"Mama, pale tulikuwa tunakamata visamaki na kikapu. Leo hakuna hata kimoja. Nani anaosha pampu ya dawa ya ng'ombe pale?"

Ni mimi, Kemunto. Kila Ijumaa nikimaliza kupulizia ng'ombe dawa ya kupe, naiosha pale ndio Sabato inikute nimemaliza kazi. Hata siku hiyo ilikuwa nyuma ya jikoni, bado inadondoka maji. Ungegeuka tu ungeiona. Aibu ikanishika, nikakwambia, "Wewe unayehesabu viumbe vya Mungu, si ndio maana mtoto alikataa kukaa?"

Ulifunga leso, ukapanda barabarani kungoja bodaboda, na mimi nikabaki nakoroga sufuria kama mtu ana wageni.

Siku hizi pampu naoshea huko juu kwa shamba, mbali na maji. Asubuhi nashuka kuangalia mtoni. Sijaona kitu bado. Macho yangu ni mabaya, lakini maji yenyewe ni kidogo, samaki angejificha wapi?

Sasa karani ameacha kuandika, ananiangalia. Namwambia, andika tu, usinionee huruma.

Kemunto, yale maneno sikuyaamini. Hata wakati mdomo unayasema, nilijua ni uongo. Nilitafuta tu mahali pa kukuumiza ndio uache kuuliza.

Mtoto wako hakukataa kukaa. Na wewe hukumfukuza.

Ni mimi, mama yako.