Mkwe Mwenye Filimbi

Tusa, mtoto ananyonya, naandika kwa kidole kimoja. Bibi Atupele katoboa kisa cha mwaka sabini na sita sasa hivi. Siamini.

Alikuwa refa mpya wa mpira wa kikapu, ndiyo kwanza kaolewa. Mbeya wanacheza na Iringa, na refa mwenzake ni Mzee Asukile. Tusa, huyo ni baba mkwe wake! Unajua mila zetu Wanyakyusa: mwanamke hamtazami baba mkwe wala hasemi naye.

Mchezaji wa Mbeya akaruka na mpira, akatua nao, kisha akafunga. Bibi akapiga filimbi: kosa, katembea na mpira.

"Hajapiga hatua hata moja, katembea wapi?" mzee akafoka. "Mimi nachezesha tangu wewe unanyonya. Haya, nitazame unibishie."

Alijua hawezi. Alijua kabisa. Uwanja mzima ukacheka.

Bibi akampa mgongo, akawaambia watu wa meza ya alama: "Mwambieni baba, aliyeruka akitua nao katembea. Kikapu hakihesabiwi."

"Nitakurudisha kwenu leo hii."

Naye, mgongo vilevile: "Mwambieni anirudishe mechi ikiisha. Sasa hivi mpira ni wa Iringa."