Msinishukuru, Njia Yetu Ni Nyembamba

Yaya Faustin, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Barua hii haitapita kwenye redio, kwa hiyo leo naandika kwa urefu ninaoutaka. Hutasimama nyuma ya kiti changu na kuninong'oneza, "Béa, kata. Kata tena." Muda wote tuliofanya kazi pamoja sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja, maana ulikuwa hapo hapo, goti lako likigonga meza. Sasa haupo, na maneno yamenijaa kifuani sijui niyapeleke wapi.

Nianze na chumba. Unakikumbuka, nyuma ya depo, ghala la biashara la mzee wetu Tonton Kambale, katikati ya magunia ya chumvi na makatoni ya sabuni. Tonton alinunua ile phonie, redio ya kuongea mbali, ili azungumze na ndugu zake wa Butembo juu ya bei na mizigo. Kisha vita vikatutenga na Kinshasa. Posta ikafa, simu zikafa, mashua za kushuka mto zikazuiwa, na kila nyumba Kisangani ikabaki na mtu wake upande wa pili asiyejulikana kama yuko hai. Hapo ndipo ulipomwendea Tonton ukamwambia kwamba redio yake ikiunganishwa na ile kompyuta yako ya zamani, barua za watu zitapita hewani hadi kituo cha nje ya nchi, na kutoka huko zitaingia kwenye intaneti mpaka Kinshasa. Alikushika paji la uso.

"Faustin, uko na homa?"

"Hapana, tonton. Unipe tu saa moja ya groupe kila mangaribi."

Akakupa ufunguo, akalalamika juu ya mazout, mafuta ya ile groupe, jenereta yake, na hakuacha kulalamika hata siku moja. Wala hakukunyang'anya ule ufunguo.

Kazi yangu ilikuwa kuandika kile watu walichosema. Nawe ulikuwa mkatili kwa salamu! Watu wetu hawawezi kuanza barua bila kumsalimia baba mkwe, shangazi, jirani na mtoto aliyezaliwa juzi, na wewe ukakaa pale unafuta majina, unasema redio haibebi ukoo mzima. Mama Antoinette peke yake ndiye aliyekushinda. Alikuwa anavuka mto kutoka Lubunga kwa pirogue, mtumbwi mwembamba, kitambaa cha kichwa kimelowa, anakaa kwenye benchi letu kusubiri neno la mtoto wake wa pekee aliyekuwa akisoma Kinshasa. Alikuambia kwamba barua bila salamu ni ya polisi. Ukaziacha salamu zake zote.

Ugumu wetu ulitoka kwenye programu. Ilikuwa ndogo, ya bure, imeandikwa na mtu wa mbali ambaye hatujamwona. Ilifinya barua, ikazikata vipande, ikazisukuma redioni. Lakini mawimbi yakikatika katikati, ilianza tena kutoka mwanzo. Barua ndefu ingeweza kuanza na kuanza mpaka mazout yaishe, na haijafika. Ulimwandikia huyo mtu, hakujibu. Ukamwandikia tena. Baadaye ukagundua kwamba alishaiacha kitambo, amepata kazi nyingine, na programu yake imebaki bila mtunzaji. Ndipo ukajiunga na ile orodha ya barua pepe, baraza la watu wanaojitolea kutunza programu zilizoachwa. Mtu mmoja akiandika pale, barua yake inawafikia wote.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Kituo cha nje kilitunza barua zetu siku chache tu. Tukikosa mazout, zilirudishwa zilikotoka. Mashine ya orodha ikiona barua zako zimerudi mno, inaamua kwamba haupo tena duniani, inalifuta jina lako. Kabla ya kulifuta inakuandikia onyo, na lile onyo nalo linapita njia hiyo hiyo iliyokufa na kurudi. Kila redio ilipofufuka ulikuta umeshafutwa.

"Bananiua tena," ulikuwa unasema, ukiandika ombi jipya la kuingia.

Nilicheka sana wakati ule. Siku hizi neno hilo likinijia naacha ninachofanya na kutoka nje.

Halafu ikaja siku uliyojitolea. Uliandika kwa Kiingereza chako cha kuokoteza kwamba, kama hakuna mwingine, wewe wa Kisangani utaitunza ile programu. Nilikuuliza unajitia wapi. Ukaniambia kwamba mtu anayepita daraja kila siku akiona ubao umeoza hawezi kungoja fundi wa Ulaya. Kesho yake tukawasha redio, na barua zikaanza kuingia. Hongera. Asante. Karibu. Asante sana. Watu wa nchi ambazo majina yake tuliyajua kwenye ramani tu, kila mmoja ameandika yake. Uso wako uling'aa, Yaya, nilikuona. Zikaendelea kuingia moja moja, polepole kama kawaida ya redio yetu, na Mama Antoinette amekaa kwenye benchi.

"Faustin, mi natoka ng'ambo tangu asubuyi. Barua ya mutoto wangu iko wapi?"

"Bado, mama. Ma-merci inajaa mu njia."

"Merci ya nani?"

"Ya batu ya mbali. Nilikubali kutunza programme, donc kila mutu anaandika merci."

"Banakulipa?"

"Te, mama. Ni bure."

"Kazi ya bure! Na merci yabo inafungia mutoto wangu njia." Akasimama, akafunga kitambaa chake upya. "Ambia bo banyamaze."

Groupe ilizimika na barua yake haijaingia. Akashuka kwenda mtoni bila kutuaga. Ukaniomba karatasi, na ile barua fupi uliyoiandika naijua kwa moyo mpaka leo. Ulisema: "Njia yetu ni nyembamba. Nyuma ya kila shukrani yenu yuko mama anayengoja habari za mtoto wake. Msinishukuru. Anayetaka kunishukuru, anyamaze."

Niliona aibu kwa niaba yako. Nilidhani watakuona mtu asiye na adabu. Lakini walitii. Ulipomaliza matengenezo yako, yale ya kuifanya programu iendelee palepale ilipokatikia, ukayatuma vipande vipande kupitia redio ile ile, tukangoja. Kesho yake yakaingia maneno ya Kinshasa tu, ya watu wetu, pamoja na barua ya mtoto wa Mama Antoinette yenye salamu zake zote. Kutoka kwenye orodha, hakuna kitu. Ukaniinamia, umejaa furaha ya mtoto mdogo, ukasema:

"Sikia vile banashangilia, Béa."

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu mstari wa kwanza. Majeshi mawili ya wageni yaligeukiana ndani ya mji wetu, mabomu yakawa yanapita juu ya paa za mtaa wetu wa Tshopo, na sisi watatu, mimi na wewe na Mama, tukalala chini ya kitanda. Mabomba ya maji yalikauka. Asubuhi moja mabomu yalitulia kidogo, ukachukua bidon, dumu letu la maji. Mama alikushika shati. Ukamwambia, "Nakuya sasa ivi, mama. Musifungue mulango." Ndilo neno lako la mwisho, na nimetafuta ndani yake kitu kikubwa zaidi, hakimo. Ulikuwa unaenda kuchota maji.

Majirani wawili ndio waliokurudisha. Tulikuzika nyuma ya jiko, karibu na mti wa matunda ya safu, ndani ya shuka langu la maua, haraka, tukiinama. Hapakuwa na padri wala jeneza. Mama hakulia juu ya jeneza. Alilia juu ya viti. Unajua kwetu mtu akifa viti hutoka, watu wanakuja wanakaa, hata wasiposema neno, wanakaa mpaka uchovu wao unakuwa sehemu ya kilio. Wewe hukukaliwa na mtu. Watu walikuwa msituni, au chini ya vitanda vyao, au wanazika wa kwao.

"Mutoto wangu anaenda, na hakuna mutu anakaa," alisema Mama. Hata mji ulipotulia na majirani wakarudi, kila mtu alikuwa na maiti wake, na kilio chako kikapitwa. Mama aliendelea kulisema neno lile lile, akipika, akifagia. Mimi mwenyewe sikulala nikiwaza kwamba umepita kama mtu asiyejulikana.

Redio ilikuwa imenyamaza kipindi chote hicho. Tonton Kambale alipopata mazout, alikuja mwenyewe nyumbani kuniita. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakulalamika juu ya kitu chochote. Nikaenda, nikawasha, na nikakuta barua zako zote zimerudi na mashine ya orodha imekufuta. Safari hii haikukosea.

Nikawaandikia kwa jina langu. Niliwaambia kwamba Faustin amekufa, kwamba alitoka kuchota maji, kwamba tumemzika uani bila kilio. Sikuongeza salamu. Kesho yake nikawasha redio, hakuna kitu. Siku iliyofuata, hakuna kitu. Najua utaratibu ulikuwa wako, nilikuwepo ulipouandika, lakini hasira ilinipanda. Nilitaka wauvunje. Nilitaka wazibe njia, wajaze, wamalize mazout yote ya Tonton. Nikamwambia Tonton kwamba hawa watu wako hawana moyo, umewafanyia kazi ya punda, na hata pole imewashinda.

Barua ikaingia baadaye katika juma lile. Ilikuwa moja tu. Mzee anayesimamia orodha ndiye aliyeituma, na juu aliandika mstari mmoja: "Tumekusanya kila mtu mahali pamoja, ili njia isizibe." Chini yake yalikuwa majina. Jina na mji, jina na mji, bila neno lingine. Katikati mawimbi yakakatika. Nilishika kichwa. Kisha redio ikarudi, na programu yako ikaendelea na jina lililofuata, pale pale ilipokatikia, Yaya, kama ulivyoitengeneza. Niliweka kichwa mezani nikalia mpaka Tonton akatoka nje kuniachia chumba.

Niliyapeleka majina nyumbani. Mama hakuniuliza ni akina nani. Alisikiliza mawili matatu, akaninyamazisha kwa mkono, akaenda kwa majirani kuazima viti. Akavipanga uani, karibu na ule mti wa safu. Mama Antoinette alifika kutoka Lubunga, maana mtoni habari ilikuwa imemfikia, akakaa. Tonton akafunga depo mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona, akakaa. Nikayasoma majina kwa sauti, nikiyaharibu vibaya, maana ulimi wangu haukuzoea majina ya huko.

"Aba bote ni ba nani?" Mama Antoinette aliuliza.

"Ni batu ya kazi yake, mama. Bale ba merci."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi, banakuya. Acha bakae."

Mama yetu akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Tangu siku hiyo lile neno lake la viti halijatoka tena kinywani mwake. Viti vingi vilibaki vitupu, na hakuna aliyevirudisha kwa wenyewe mpaka jioni.

Imepita misimu kadhaa ya mvua. Vita havijaisha, vimebadilisha tu sura za watu wanaotusimamisha njiani. Programu yako ilibaki bila mtunzaji, na niliona jina lake kwenye orodha ya zilizoachwa, kama ulivyoliona wewe kwanza. Kila nilipoliona nilifunga mashine. Niliogopa. Wewe ulikuwa na akili ya vitu hivi, mimi nilikuwa mwandishi wa salamu. Lakini mwezi uliopita redio ya Tonton ilibadilishwa, mpya hii haikuelewana na programu, na barua zikaanza tena kurudia kutoka mwanzo. Mama Antoinette akaingia, akakaa kwenye benchi, akaniangalia. Nilifungua kazi yako, nikakuta maelezo uliyojiandikia pembeni kwa Kiswahili, "hapa uangalie vizuri," "hapa nililala," na nikawa naisikia sauti yako. Ilinichukua muda mrefu na machozi mengi ya hasira. Jana nikayatuma matengenezo, na chini yake nikaandika kwamba mimi, Béa, mdogo wake Faustin, najitolea kuitunza.

Leo mangaribi nimewasha redio. Barua ya mtoto wa Mama Antoinette imeingia kwanza, nzima, na salamu kwa kila mtu wa Lubunga. Kisha za wengine. Nikangoja mpaka groupe ikazimika. Kutoka kwenye orodha, kwa watu wote wale, hakuna hata asante moja.

Lala, Yaya. Nisalimie baba, na shangazi, na mtoto wa jirani, na wote uliowafuta kwenye barua nilizowaandikia watu. Na usikilize huko uliko vile banashangilia.

Ni mimi, mdogo wako anayekufuata,
Béa