Kitambaa Chako Mbele ya Mwimbaji

Baba Nambozo,

Nyumba yetu ya askari magereza kule Jinja wamempa afande mwingine, hata udongo wa kaburi lako kule Wanale haujakauka. Sasa nimepanga chumba Namakwekwe, na mdogo wako Mafabi hushuka kutoka huko mlimani kila juma kuniangalia. "Shemeji, jitayarishe," anasema. "Matanga ikiisha, mimi nachukua wewe." Wazee wameshakubali anirithi. Hakuna aliyeniuliza ulikufa kwa ugonjwa gani, maana wewe na mimi tuliwaambia wote ni malaria.

Jumamosi mchana alinipeleka ukumbi wa kanisa, hapa Mbale, kumsikiliza mwimbaji kutoka Ulaya. Ungecheka! Ni ile sauti ndefu ya opera ambayo ikitoka redioni ulikuwa ukisema, "Zima! Nani alimukanyaga huyu mama mguu?" Safari hii nyuma yake kulikuwa na gitaa na ngoma, na watu wamekaa kimya kama wako kortini. Mimi, mtu wa dansi! Lakini wimbo wa tatu ulinishika. Sikuelewa hata neno moja, nikalia, kisha nikakohoa sana. Nilikohoa ndani ya kitambaa chako cha mistari, kile ulichokuwa ukiwafutia waimbaji jasho kwenye dansi Jinja.

Wimbo ulipoisha nikaona jasho linamtiririka, nikasahau niko wapi. Nikaenda mbele kumfuta, kama tulivyozoea. Ukumbi mzima ulinikodolea macho. Yule mama akatabasamu, akainama, akaniletea uso. Nikakunjua kitambaa.

Kilikuwa na damu. Unaikumbuka ile yako, asubuhi ile kwenye beseni? Rangi ni ileile.

Nilikifumbata, nikapiga magoti. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni heshima. Niliporudi kitini Mafabi akanyoosha mkono: "Shemeji, leta kitambaa, na mimi nijifute." Nikamwambia kimechafuka. Alicheka tu.

Nakupenda, na nimekukasirikia. Ulinyamaza mpaka mwisho, nami nikanyamaza nawe. Jumapili Mafabi anakuja na wazee kunichukua. Ana mke, ana watoto wanne. Kabla hajakaa nitamwambia kwamba ilikuwa silimu, huu UKIMWI, na kwamba naona imeshanifikia. Wakinifukuza, wanifukuze.

Lala, mume wangu. Siku nitakayoletwa kulazwa karibu nawe, nakuahidi, Mafabi atapanda Wanale kwa miguu yake mwenyewe, akiwa mzima, kunizika.

Mama Nambozo