Jina la Likoke Katika Chama cha Kiingereza

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA CHAMA CHA WANAOJIFUNZA KIINGEREZA, KAMINA

Tarehe: Jumamosi, 12 Mei 1979
Mahali: Chumba cha kungojea treni, gare ya Kamina
Waliohudhuria: Citoyen Mputu (mwenyekiti na mwalimu), Citoyenne Mbombo, Citoyenne Mujinga (katibu), na wanachama wengine sita
Hakuhudhuria: Mweka hazina, bila udhuru, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/79: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi jioni. Treni haikuwepo wala haikutarajiwa. Moshi wa majani yanayochomwa uliingia madirishani, sauti zetu zikawa kama zinatoka mbali.

KUMB. NA. 2/79: MARUDIO YA SOMO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba kwa Kiingereza mwenye kitu hutangulia, hufuata alama ndogo na s, kisha kitu chenyewe. Kwamba wingi hauna alama hiyo, hata kama wanachama wanaipenda. Na kwamba neno likifupishwa, alama hukaa mahali pa herufi iliyoondoka. Citoyenne Mbombo alitoa mifano: "Likoke's coat." "Likoke's shirts." "Likoke isn't here."

KUMB. NA. 3/79: MALALAMIKO
Mwenyekiti alieleza kwamba Likoke, mume wa Citoyenne Mbombo, ni askari aliyekwenda vitani mwaka jana na hajarudi, na kwamba mifano hii inawaliza watu kila Jumamosi. Alipendekeza mifano ya meza na mbuzi, kana kwamba meza imewahi kumkosesha mtu usingizi. Citoyenne Mbombo alijibu: "Ku nyumba mama bukwe alikataza tusitaje jina yake, anasema inaita kifo. Hapa njo fasi moja tu minyi naweza kumuita bwana yangu. Kingereza yeye hasikiake."

Katibu aliomba iandikwe kwamba alikuwa upande wa Citoyenne Mbombo.

KUMB. NA. 4/79: MGENI
Kabla ya kura juu ya pendekezo hilo, mama mkwe mwenyewe, Mama Bokungu, alionekana mlangoni. Alikuwa amesimama nje tangu mwanzo. Kiingereza hakukielewa, ila jina la mwanawe alilisikia. Aliuliza: "Munasema nini mu Kingereza juu ya mutoto wangu?"

Mwenyekiti alimtafsiria: koti la Likoke, mashati ya Likoke, Likoke hayupo hapa. Mama Bokungu alikaa kwenye benchi kando ya mkwewe, akamwambia taratibu: "Ile koti, minyi njo naianikaka ku jua, weye ukienda soko."

Citoyenne Mbombo alilia, na katibu pia. Kura haikupigwa.

KUMB. NA. 5/79: MENGINEYO
Mama Bokungu aliomba afundishwe kumwita mwanawe kwa lugha hiyo. "Bokungu's son," yaani mwana wake yeye Bokungu, Citoyenne Mbombo alimtamkia polepole, naye akarudia, akarudia tena, mkono wake ukiwa juu ya goti la mkwewe. Mwenyekiti hakumsahihisha matamshi.

Kikao kilifungwa giza lilipoingia, Mama Bokungu akiwa bado anamwita mwanawe.

Mputu, Mwenyekiti
Mujinga, Katibu