Asali Kwenye Rizevu

Inyonga, Mpanda
Juni 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta magoti hayakusumbui na kahawa imeanza kuiva vizuri. Baridi ya huko Mbinga naikumbuka, hasa asubuhi, lakini usinihurumie: huku nakula nashiba, na ukiniona utasema nimenenepa. Nina habari moja kubwa. Nimejikaza nisiiandike mstari wa kwanza kwa sababu nakujua, ungeacha kusoma ukaanza vigelegele, na majirani wangekuja mbio kuuliza kuna nini.

Unamkumbuka Oliva, yule nesi wa hapa Inyonga niliyekutajia baada ya Pasaka? Kwao ni Kasansa, upande wa Mpimbwe wanakolima mpunga. Wazee wake walikubali kupokea posa, ila wakataja siku: Jumapili, baada ya misa, na siyo siku nyingine. Baba yake mkubwa ndiye mwenye neno la mwisho, na kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Sumbawanga, kurudi kwake hakujulikani. Oliva akanionya, "Yupo mmoja alikuja kumposa dada yangu Jumatatu badala ya Jumapili. Baba mkubwa akamwambia anayechelewa posa atachelewa kumpeleka mtoto hospitali. Mpaka leo yule kaka hajapewa mke kwetu." Mama, nilipungukiwa usingizi.

Kwa kuwa Baba hayupo tena na baba mdogo yuko huko nyumbani, nilimwomba Mzee Masanja awe mshenga wangu. Ni jirani, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, ana mwili wa kutosha na maneno yanayozidi mwili. Aliniita mtani, akacheka, akakubali kwa sharti moja: "Ukweni wewe ni mzigo nilioubeba. Mzigo hauongei." Ndiyo desturi ya wenyeji pia, muoaji anakaa kimya mshenga anasema.

Sasa shughuli ikawa mafuta. Mkuu wangu aliniruhusu kuchukua pikipiki ya kazi, lakini petroli nikajitafutie mwenyewe. Petroli ya Mpanda mjini huletwa na treni, na treni ikichelewa hakuna hata tone. Ndiyo maana mtu wa huku lazima alijue tangi lake, kama wewe ulivyokuwa ukiitikisa koroboi na kusema hii inatufikisha Alhamisi. Mimi, nisijisifu sana, ni bingwa. Wenzangu wanachomeka kijiti ndani ya tangi kupima. Mimi natikisa, nasikiliza, nakwambia itafika mlangoni kwa nani. Pia sivuti mafuta ovyo, tairi nazijaza upepo, na mteremko nauachia wenyewe ufanye kazi. Pikipiki hula kadiri mkono wako wa kulia unavyoilisha.

Nilipiga hesabu ya watu wawili, tena mmoja wao Mzee Masanja, nikaona tangi moja halitoshi. Basi nikachukua dumu stoo, nikalijaza petroli ya akiba na kulifunga nyuma. Jumamosi tukalala Mpanda. Kweli treni ilikuwa haijafika. Alfajiri nikamimina dumu lote ndani ya tangi na kumtangazia mzee, "Tutavuka Sitalike, tutavuka mbuga, tutapita Majimoto. Karibu na Mamba itakohoa, nitageuza rizevu, na rizevu itatufikisha Kasansa watu wakiwa bado kanisani."

Rizevu, Mama, ni akiba ya chini kabisa ya tangi. Mafuta ya juu yakiisha injini inakohoa, unageuza kiswichi, inaanza kunyonya yale ya chini.

Viboko tuliwaacha Sitalike wakiota jua. Mbung'o wa mbugani walitung'ata mpaka mzee akawa anawatukana kwa Kisukuma. Na tulipokaribia Mamba, pale pale nilipopataja, injini ikakohoa. Nilijisikia raha! Nikageuka nikamwambia, "Umeona?" Nikageuza kiswichi. Pikipiki ikaenda kidogo, ikaguguma, ikafa.

Nikapiga kiki mpaka shati likalowa. Nikatikisa tangi, mafuta yamo. Nikafungua mpira wa mafuta, na badala ya petroli ikaning'inia kamba nene ya rangi ya dhahabu, haitaki kudondoka. Mzee Masanja akaigusa, akainusa, akaniangalia kwa huruma.

"Bwana nyuki," akasema, "hii si asali?"

Mama, ilikuwa asali. Mimi, afisa nyuki, ndiye ninayezunguka pori lote la Ugalla nikiwagombeza warina asali: jamani nyie, msitie asali kwenye madumu ya petroli! Hakuna siku nilimwambia mtu asitie petroli kwenye dumu la asali. Ile iliyokuwa imegandia chini ya dumu iliyeyushwa na jua la Jumamosi, ikaingia tangini na kutulia mahali pake, kwenye rizevu, ikinisubiri.

Nilikaa chini barabarani. Nilisikia kengele ya kanisa kwa mbali, nikamuona kichwani mwangu baba mkubwa akifunga begi lake la Sumbawanga. Nisingeona aibu kulia, ila Mzee Masanja hakunipa nafasi. Alikuwa ameshaona mkokoteni wa ng'ombe shambani, na mwenye mkokoteni kumbe naye Msukuma. Wakaitana, wakasalimiana mpaka nikataka kuzimia, maana salamu zao hazina haraka, wanaulizana hadi hali ya ndama. Kisha yule ndugu akasema, "Posa? Mbona hamkusema mapema! Pandisheni hilo pikipiki."

Basi ndivyo nilivyoingia Kasansa, nimekaa juu ya mkokoteni nimekumbatia pikipiki, mikono inanata, uso mweusi kwa mafuta, na watu wote wa misa wamejipanga kutuangalia. Watoto walituimbia. Mzee Masanja aliwapungia mkono kama padri.

Tulikaribishwa. Mshenga akasema yake, akaeleza na ya asali bila kunificha, wazee wakacheka mpaka wakafuta macho. Isipokuwa baba mkubwa. Yeye akamwita Oliva.

"Binti, unawafahamu wageni hawa? Angalia vizuri kabla hujajibu. Huyu mmoja anailisha pikipiki asali."

Oliva alipiga magoti. Alisema kwa sauti iliyofika hadi uani, "Nawafahamu, baba. Na huyo mchafu, hata angefika kwa kutambaa, ningemfungulia mlango."

Nilisahau kuwa mimi ni mzigo. Nikasema "Asante!" kwa nguvu, na baba mkubwa akaangua kicheko. Vigelegele vilivyopigwa hapo, nashangaa hukuvisikia. Jioni mama mkwe alinichemshia maji mwenyewe, nikasafisha tangi, maana asali haiogopi petroli, inaogopa maji ya moto.

Nisalimie baba mdogo, mwambie ng'ombe aliyemtenga kwa harusi yangu ajiandae. Msalimie dada Skola na shemeji, shangazi aliyenilea, na katekista wetu aliyenifundisha kusoma. Jirani wa kisimani naye asisahaulike.

Harusi ni baada ya mavuno ya kahawa. Najua hujawahi kuvuka Songea na unaogopa mabasi. Lakini baba mkubwa ametoa neno lake la mwisho, na mshenga ameshindwa kulipunguza: Oliva hatoki kwao mpaka mama aliyenizaa akamshike mkono kumtoa. Hataki mwakilishi, hata baba mdogo. Ni wewe, Mama.

Ni mimi mwanao mwenye furaha,
Fidelis