Katoni ya Upako

Baba Gradi,

Ugali iko kwenye sufuria, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nimeifunika na sahani. Ukitoka shambani, funga kuku.

Nimekimbia Mbarara kuokoa marashi ambayo dada yangu Perpétue alituma toka Canada, tumpelekee bibi-harusi kule Bukavu. Ulipotoka tu asubuhi, karani wa ofisi ya vifurushi alinipigia simu. Kumbe wewe, shemasi mzima, ulipoipeleka kwao isafiri na basi, uliandika juu ya katoni "mafuta ya upako". Wakaamini. Jana mwenzake mmoja kichwa kilimuuma, wakafungua chupa moja wamupake. Kichwa kikazidi, na ofisi yote ikanukia harusi.

Marashi haikatazwi, mume wangu. Iko na spiriti, inaweza kushika moto ndani ya basi, kwa hiyo wanataka uandike jina lake la kweli, kila chupa uifunge na plastiki, na katoni isimame wima mpaka mwisho wa safari. Ni hayo tu. Nilitaka kukuambia, ukasema niko na maneno mingi.

~~Leo nalala kwa rafiki yangu Nabintu, mtaa wa Ruti.~~ Hapana, narudi na gari ya jioni. Weka maji ya kuoga kwenye moto.

Ile chupa iliyofunguliwa hawaipokei tena. Perpétue amesema nibaki nayo. Tangu tutoke Uvira hujaninunulia hata sabuni ya kunukia, lakini ona, upako wako umenifikia.

Usifunge mlango. Pua itakuambia nimefika kabla nibishe hodi.

Mama Gradi, wa maneno mingi